Sabuni Iko

Ukivuka mto kutoka soko la Kindu ukaja upande wetu wa Alunguli, ukamwambia mwendesha pikipiki yeyote akupeleke kwa mama wa sabuni, hatakuuliza yupi. Wanawake wanaopika sabuni huku kwetu ni wengi, na wengine wanapika vizuri. Lakini mama wa sabuni ni mmoja. Mimi ni jirani yake tangu nilipoletwa hapa nikiwa bibi arusi, na kati ya ua wake na wangu kuna uzio wa matete ambao kila mwaka tunasema tutaujenga upya. Jina lake ninalijua. Hapa nitamwita kama watu wote wanavyomwita.

Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa ambayo ungedhani ameazima kwa mtu mwingine. Mikono hiyo imepauka hadi karibu na kiwiko, maana soda kali ya kupikia sabuni imekuwa ikiila rangi yake miaka yote. Kitambaa cha kichwani hakikai. Kikishuka anakipandisha kwa kisigino cha mkono, kwa kuwa viganja vina sabuni, na baada ya kitambo kinashuka tena. Umri wake huwezi kuupata. Ukimuuliza leo atakutajia mmoja, kesho mwingine, na wa kesho utakuwa mdogo kuliko wa leo.

Huswali alfajiri, halafu anawasha moto, na akianza kukoroga pipa anaanza kuimba. Nyimbo zenyewe ni za kwaya ya kanisa lililo ng'ambo ya njia yetu. Yeye ni Mwislamu, mtoto wa Waislamu, na maneno yasiyomhusu anayapita kwa kuguna, "mmm, mmm," kisha anarudi pale anapoweza kuimba. Asha, mkwe wake anayeishi naye, alimuuliza siku moja kwa nini asiimbe kaswida.

"Kaswida ni ya kutuliza roho," alijibu kwa Kiswahili chetu cha huku, ambacho njo yake ni ndiyo. "Hii ya kwaya njo inatembeya sawa na mwiko."

Hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Kuna juma alimfuata mwalimu wa kwaya hadi mlangoni mwa kanisa akamwambia, "Baba, siku hizi munaimba polepole sana. Sabuni yangu imeshika chini." Mwalimu wa kwaya, mtu mpole, aliomba radhi. Sijui kama aliongeza mwendo kwa ajili yake, lakini mwenyewe anasema aliongeza.

Kuna jambo la kazi yake ambalo wageni wakiliona wanashtuka. Sabuni ikishapoa na kuganda, kabla haijakatwa, anaigusa kwa ncha ya ulimi. Kama soda bado ina nguvu, ulimi unachomwa kama kwa pilipili, na sabuni hiyo inarudi kungoja. Kama imetulia, anatema mate pembeni, anajifuta mdomo, anasema, "Imelala." Kwake sabuni imelala au haijalala, basi. Ambayo haijalala hakuuzii, hata ulie.

Sasa nieleze kwa nini mwanamke mwenye sabuni ya namna hiyo aliishi miaka mingi bila kibao mlangoni, bila rangi ukutani, na bila kutaka mtu yeyote amtaje.

Miaka ya vita nilikuwa mama kijana, mtoto wangu Furaha akiwa mgongoni. Treni ilikuwa imeacha kuja. Njia za kwenda Kampene na Pangi zilikuwa za watu wa miguu na wa baiskeli, na si kila aliyeondoka alifika. Sabuni ya dukani tulikuwa tumesahau hata harufu yake. Tulifua kwa kusugua majani ya mpapai, yanayotoa povu kidogo kama ya kukuhurumia, na watoto walikuwa na upele hadi katikati ya vidole.

Yeye alikuwa na mume, fundi wa baiskeli, na alikuwa na pipa lake la kupikia. Siku moja mchana askari walikuja moja kwa moja hadi kwake, bila kuuliza njia. Walibeba sabuni, wakabeba mafuta ya mawese, wakabeba na pipa. Mume alipowaomba wamwachie pipa tu, alipigwa kwa kitako cha bunduki kwenye sikio. Sikio hilo halikusikia tena, na la pili likafuata polepole.

Hatukujua nani aliwaelekeza. Yeye alifikiri sana, na mwisho akaona kwamba pengine hakuna aliyefanya kwa ubaya. Pengine mwanamke mmoja alimsifu tu kwa mwenzake kwenye chemchemi, akasema nenda kwa fulani, sabuni yake ni nzuri, na mtu akasikia.

"Sifa," aliniambia. "Ile sifa yangu njo ilileta ile watu."

Tangu hapo alipika kwa kujificha. Soda haikuwapo, basi alirudia alichofanya bibi yake: alichoma maganda ya ndizi na mikungu mitupu ya ngazi, matunda ya mchikichi, akachuja maji kwenye majivu, akayapika na mawese hadi ikatokea sabuni nyeusi, laini kama ugali wa muhogo. Aliwasha moto wakati ule tu ambapo mtaa mzima unapika, ili moshi wake uwe mmoja kati ya mingi. Pembeni aliweka chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, ili anayepita anuse sombe. Sisi wanawake tulikwenda kwake na kigae mkononi, tukasema mlangoni, "Mama, tumekuja kuomba moto." Tulitoka na kaa moja juu ya majivu, na chini ya majivu, ndani ya jani, kulikuwa na sabuni. Mwenye mtoto mchanga hakuombwa kutoa chochote.

Mtaa wetu ukawa mtaa wa watu wanaoomba moto. Mwisho askari mmoja aliyekuwa na kituo chake karibu na kanisa akaona ajabu. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa natoka na kigae, na mama wa sabuni alikuwa amenisindikiza hadi njiani.

"Nyiye wanawake wa hapa," askari akasema, "moto yenu inazimika kila siku juu ya nini?"

Mama wa sabuni akajibu kwa adabu kabisa, akimwita chef, yaani mkubwa, "Kuni iko na maji, chef. Mvua ya huku haitulii."

"Na leo kuna jua."

"Njo maana tunakuya mapema, chef. Mbele ya mvua kurudi."

Askari aliinama juu ya kigae changu. Aliona kaa, aliona majivu. Akacheka, akatuambia tujifunze kufunika kuni, akaenda zake. Mama wa sabuni alisimama wima, uso kama wa mtu aliye msibani, mpaka yule bwana alipopotelea nyuma ya kanisa. Kisha alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akacheka hadi kitambaa kikaanguka, na mimi nikacheka na kulia pamoja, na Furaha mgongoni akaanza kucheka kwa sababu sisi tulikuwa tunacheka.

Watu husema ni mwanamke asiyejua kusema uongo, na katika mambo ya sabuni ni kweli. Lakini mimi nilimsikia siku ile, na nakwambia alijua.

Vita ilikwisha kama ilivyokwisha. Treni ikapiga honi tena. Soda ikaanza kuja, akapata pipa jingine, na sabuni yake ikawa ngumu, ya rangi ya asali, nyingine akaitia mchaichai. Mumewe alifariki katika miaka hiyo ya utulivu, kitandani mwake, na yeye akabaki na desturi ya kuongea kwa sauti kubwa, maana alikuwa amezoea kuongea na mtu asiyesikia. Desturi nyingine iliyobaki ni ile ya kujificha. Wenye biashara walipaka kuta zao rangi na majina; ukuta wake ulibaki udongo mtupu. Wateja waliingia kwa mlango wa nyuma, kupita ua wangu. Kulikuwa na amani, na bado akisikia pikipiki ikipunguza mwendo alitupa gunia juu ya sabuni.

Mimi wakati huo nilikuwa nimefungua kibanda cha fotokopi karibu na kivuko. Mwanzoni nilichapa barua za kuomba kazi. Telefone nzuri zilipofika, wenye biashara ndogondogo wakaanza kuniomba niwafungulie ukurasa mtandaoni: mshona nguo, kinyozi, mama wa mgahawa. Nawapiga picha, naandika maneno, nawafundisha kujibu wateja. Kazi hii naipenda. Mtu anapoona biashara yake kwenye kioo kwa mara ya kwanza, anavuta pumzi na kukaa vizuri, hata kama alikuwa amekaa vizuri tangu mwanzo.

Mama wa sabuni alikuja siku moja akasimama mbele ya kibanda, akijifanya anatazama bei za fotokopi. Malori yalikuwa yameanza kuleta sabuni zilizofungwa kwa karatasi zinazong'aa, na pale kwake sabuni zilikuwa zinalala zaidi ya zilivyohitaji.

"Asha anasema weye unaweka watu ndani ya telefone," alisema.

"Naweka biashara zao, mama."

"Sawa. Weka sabuni. Miye usiniweke."

Tulikaa. Nilimuuliza jina la biashara, akasema haina. Nilimuuliza namba ya simu; akasema tuweke yangu. Nyumba? Hapana. Mtaa? Wa nini? Picha ya ua? Akaniangalia kama mtu ambaye nimemwomba avue nguo.

"Lakini mama, watu watanunua wapi?"

"Kama sabuni ni muzuri, watauliza."

Hivyo ukurasa wa kwanza wa mama wa sabuni ulikuwa na picha ya mkono umeshika kipande cha sabuni, na maneno mawili aliyoyachagua mwenyewe: Sabuni iko. Basi. Mimi nilikuwa naona aibu kuuonyesha. Watu waliandika chini yake, "Iko wapi?" Nikamsomea. Alifurahi sana.

"Umeona? Wanauliza!"

"Tuwajibu nini?"

Alifikiri. "Waambie iko Kindu."

Tuligombana kwa upole juma zima mpaka akakubali tuseme Alunguli. Zaidi ya hapo hakukubali.

Lililomfungua kidogo ni sauti. Aligundua kwamba mtu akiuliza, unaweza kumtumia ujumbe wa kusema badala ya kuandika, na akaona kwamba sauti haina njia ya kumfuata nyumbani. Akaishika telefone kama kikombe cha uji, akaongea nayo kama alivyoongea na marehemu mumewe. Wateja wa Pangi waliniambia walikuwa wanasogeza telefone mbali na sikio. Na hakuanza na sabuni hata siku moja. Aliuliza habari za nyumbani, za watoto, mvua imenyesha au haijanyesha, yule mgonjwa anaendeleaje. Sabuni ilikuja mwishoni, kama kitu kilichosahauliwa.

"Mama," nilimwambia, "fupisha kidogo. Mega za intaneti zinaisha. Mtu ameuliza bei tu."

"Muntu akipiga hodi kwako, unamujibia bei?"

Watu hao hao waliouliza bei tu wakaanza kutuma salamu bila kununua kitu, na siku nyingine wakanunua.

Kuhusu maneno ya kusifu alikuwa mgumu kuliko hakimu. Niliandika siku moja kwamba sabuni yake inaondoa madoa yote. Asha alimsomea, na mama mwenyewe akavuka uzio akiwa na mwiko mkononi.

"Futa."

"Kwa nini? Wote wanaandika hivyo."

"Utomvu wa ndizi haitoki. Miye nimefua miaka yote, haitoki. Andika hivyo."

"Niandike kwenye tangazo kwamba haitoki?"

"Muntu atakaa na nguo yake na utomvu yake, atasema nani alimudanganya? Andika."

Niliandika: Inafua yote, ila utomvu wa ndizi haitoki. Sijawahi kuandika tangazo lililosambazwa na watu wengi kama lile. Watu walicheka, lakini walikuja, na wengi wao walisema wamekuja kwa sababu ya ule utomvu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda, vizuri na kwa kificho, mpaka ukurasa mwingine ulipotokea.

Mtu tusiyemjua alichukua picha yetu ya mkono, akaiweka kwenye ukurasa wake, akaandika kwamba yeye ndiye Sabuni Iko ya Alunguli na anauza kwa jumla. Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka upande wa pili wa mto, aliona, akaagiza katoni kadhaa kwa telefone, akaletewa, akauza. Hakujua. Alikuwa anafikiri anauza sabuni ya jirani yangu, na alikuwa anawaambia wateja wake hivyo kwa fahari.

Sabuni ile ilikuwa haijalala hata kidogo. Wanawake walianza kuja Alunguli na mikono imechubuka. Wa kwanza alikuja kwa hasira, wa pili kwa machozi. Wa tatu alimgeuza mtoto wake akamwonyesha mgongo. Mama wa sabuni aliutazama mgongo ule, ngozi nyekundu kama imepitiwa na moto, akakaa chini. Kisha alimwosha mtoto kwa maji matupu, akampaka mawese polepole, akiguna ule wimbo wake.

Walipoondoka, Asha alisema, "Mama, tufunge hii kitu. Tulikuwa tunaishi bila yake."

Na mimi niliwaza hivyo hivyo. Niliwaza: sifa imeleta watu tena. Nilimwona ameketi na mgongo ukutani, akiangalia njia, kitambaa kimeshuka na hakukipandisha. Nililala nikijua kwamba asubuhi ataniambia nifute kila kitu, na ningefuta.

Asubuhi alipita kwenye uzio akiwa amevaa kitenge chake cha Idi, kitambaa kimefungwa upya, uso umeng'aa kwa mafuta.

"Telefone yako iko na moto?"

"Iko, mama. Niliichaji usiku."

"Basi kuya. Leo uniweke."

Nikamwambia si lazima, tunaweza kuandika tu kwamba ule ukurasa si wetu.

"Maandiko ataiba," alisema. "Foto ya mukono ameiba. Uso yangu ataivaa namna gani?"

Alikaa kwenye kiti mbele ya pipa. Nikamwambia aanze. Akaanza kwa kuwauliza watu wote wa Kindu habari za nyumbani.

Kisha alisema jina lake. Alilisema lote, na la marehemu mumewe, na mtaa, na nyumba inayotazamana na kanisa, yenye mpapai mlangoni. Mimi niliyeshika telefone nilijua ni miaka mingapi ya ukimya aliyokuwa anaitoa pale kwa pumzi moja.

"Miye njo ninapika sabuni ya Alunguli," alisema. "Sabuni yangu iko hivi." Akachukua kipande, akatoa ulimi, akakilamba mbele ya telefone bila haraka. "Munaona? Imelala. Muntu akikuuzia sabuni, umwambie: lamba kwanza. Akikatala kulamba, na weye katala kununua. Na kama uliumia mukono, kuya hapa kwangu, hata kama ile sabuni haikukuwa ya kwangu. Mafuta iko. Fasi ya kukaa iko."

Aliniangalia. "Wamekwisha kusikia?"

"Bado, mama. Ndiyo naituma sasa."

"Kumbe nilikuwa ninapiga kelele na weye peke yako!"

Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa umesikia. Sokoni mtu hakuweza kuuza sabuni bila kuambiwa "lamba kwanza". Baadaye wakaanza kuwaambia hata wauza viatu. Ule ukurasa wa uongo ulipotea, na mpaka leo hatumjui mwenyewe.

Papa Kambale alivuka mto na katoni zilizobaki. Ni mtu mkubwa, mwenye tumbo na sauti ya kuheshimiwa, lakini siku hiyo alisimama uani akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mama, nimekukosea bila kujua. Nilidhani ni yako."

Mama wa sabuni alifungua katoni, akatoa kipande cha ile sabuni mbaya, akampa. "Lamba."

"Mama..."

"Lamba, baba."

Alilamba. Aliruka, akashika mdomo, machozi yakamtoka, Asha akakimbilia maji. Alipokwisha kusukutua, mama wa sabuni akampa kipande cha kwake. Yule bwana alikitazama kipande, akamtazama mama, akafumba macho kama mtoto anayepewa dawa, akalamba. Akafumbua jicho moja.

"Hii imelala," alisema, na watu wote uani wakapiga makofi. Tangu siku hiyo ndiye anayeuza sabuni yake upande wa pili.

Nisidanganye kwamba woga ulimtoka kwa siku moja. Baada ya kutaja nyumba yake, pikipiki zilikuja kwa wingi, na kwa kila moja alisimama. Juma moja baadaye alikuja mtu mwenye magwanda ya kijeshi. Pikipiki ilizimwa mbele ya mpapai. Wateja waliokuwapo waliweka chini walichokuwa wameshika. Mama wa sabuni alisimama mbele ya sabuni zake, mikono nyuma. Yule kijana alivua kofia.

"Shikamoo mama. Mke wangu amenituma. Anasema iwe ya mchaichai."

Alimfungia kwenye karatasi. Kijana alitoa pesa, akashukuru, akawasha pikipiki akaenda. Mama wa sabuni alibaki amesimama, akitazama kiganja chake.

"Amelipa, Mama Furaha," aliniambia. "Umeona? Amelipa."

Alilirudia neno hilo siku nzima. Jioni nilimsikia kupitia uzio akimwambia Asha tena, taratibu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mara ya mwisho tuliyotoka pamoja ni masika haya. Alikuwa na mzigo wa kumpelekea Papa Kambale, na mimi nilikuwa nafuata wino wa mashine yangu. Tulifika kivukoni, mtumbwi wa injini ukawa umeondoka tu, ikabidi tungoje. Pale chini alikuwapo mwanamke kijana mmoja anayeuza vitumbua kwenye beseni, mgeni machoni petu, amekaa kimya pembeni kabisa, watu wanampita bila kumwona. Alimtazama mama wa sabuni, akageuza uso, akamtazama tena.

"Shikamoo. Ni weye mama wa ndani ya telefone?"

"Marahaba. Njo miye. Vitumbua yako ni ya leo?"

"Ya sasa hivi, mama. Iko na moto." Akasita. "Mama, muntu anafanyaka namna gani kuingia mule? Miye hata nikisema bei, hawanisikie."

Mama wa sabuni alinishika mkono akanisogeza mbele kama anayeonyesha bidhaa. "Huyu njo anaweka watu. Simama, mama, akupige foto. Simama pale kwenye mwangaza. Miye nitakulindia beseni."

Nikamchukua yule mwanamke kando kidogo. Alikuwa na haya. Aliangalia miguu yake, akaangalia mto, akafunga kitambaa upya. Nilimwambia ainue kidevu. Nilimwambia afikirie mtu anayempenda, akazidi kuona haya. Jua lilijificha, tukangoja litoke. Nyuma yangu nilikuwa nasikia sauti ile kubwa ikiuliza watu habari za nyumbani, ikimwita fundi mmoja kwa jina la baba yake, ikimwambia mwalimu fulani kwamba amekonda na kwamba dawa yake iko hapa kwenye beseni. Nilisikia vicheko. Sikugeuka, kwa sababu kidevu kilikuwa hatimaye kimeinuka.

"Vizuri sana," nikasema. "Sasa njoo ukae na vitumbua vyako, nikupige pamoja navyo."

Tuligeuka. Mama wa sabuni alikuwa amekaa kwenye kigoda cha yule mwanamke, miguu ameinyoosha, pesa amezifunga kwenye ncha ya kitenge. Watu walikuwa wamesimama kumzunguka, wote wanatafuna. Beseni lilikuwa tupu, limebaki mafuta na makombo.

"Umekawia na foto yako," aliniambia.

Yule mwanamke aliliangalia beseni, akamwangalia mama wa sabuni aliyekuwa anamfungulia ncha ya kitenge, akaanza kucheka kicheko ambacho sikuwa nimeweza kumtoa kwa maneno yangu yote. Mimi nikainua telefone haraka. Mpaka leo ukifungua ukurasa wake wa vitumbua, picha ya juu kabisa ni hiyo: wanawake wawili kivukoni wamekumbatiana kwa kicheko, beseni tupu katikati yao, na kitumbua hakuna hata kimoja.